HODI MARA TATU

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Leo sitatoa darsa la fiqhi. Nataka kuwaelezeni kosa langu mwenyewe, na namna lilivyonifunukia kwa elimu ambayo sikuisoma madrasa wala sekondari, nayo ni elimu ya mitandao ya kompyuta. Someni mpaka mwisho, maana naamini wengi wetu tumo ndani ya kosa hili na hatujijui.

Miaka michache iliyopita mama yetu aliugua. Daktari akasema apasuliwe, na pesa ipatikane ndani ya wiki. Kaka yangu mkubwa anafanya kazi Oman. Usiku ule ule nikamwandikia WhatsApp. Ikatoka tiki moja. Nikangoja nusu saa, nikaandika tena. Tiki moja. Asubuhi nikaandika mara ya tatu, adhuhuri mara ya nne. Kufika siku ya tatu nilikuwa nimetuma ujumbe kumi, na shetani ameshakaa ubavuni kwangu ananisomesha. Ujumbe wa kumi na moja nilimwambia kwamba pesa za Uarabuni zimemsahaulisha ziwa alilonyonya.

Siku ya tano tiki zikawa mbili, kisha zikageuka bluu. Kasoma zote kumi na moja. Hakujibu hata neno.

Pesa nikakopa kwa watu. Mama akatibiwa, alhamdulillah, akarudi nyumbani. Lakini mimi na kaka hatukusemeshana miezi saba. Kaka alikuwa akimpigia Mama kwa simu ya dada yetu. Mimi nikiingia, dada anatoka na simu uani. Kila dada alipoanza kusema, "Lakini kaka anasema...", nilimkatiza. Mama akiniuliza, "Umeongea na kaka yako?" nilimjibu, "Tumeongea, Mama." Huo ulikuwa uongo wa imamu, ndugu zangu. Na Ijumaa napanda mimbari nawahutubia watu juu ya kuunga udugu.

Basi binti yangu akaja likizo. Anasoma mambo ya kompyuta chuo kikuu. Jioni moja baada ya Magharibi alikuwa barazani na madaftari yake, nikamuuliza wanasoma nini.

"Tunasoma namna ujumbe unavyofika, Baba."

Nikamwambia kwa mzaha, "Haya mwanachuoni, niambie, tiki moja maana yake nini?"

Akanitazama kidogo, akasema, "Maana yake umetoka kwako, Baba, umefika kwenye kompyuta za wenye WhatsApp. Haujafika kwenye simu ya Baba Mkubwa."

Mimi sikuwa nimemtaja Baba Mkubwa. Nikanyamaza. Yeye akaendelea, na aliyonieleza jioni ile ndiyo nataka kuwapa leo. Mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye.

Akaniambia kuna visiwa vinaitwa Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki. Chuo kikuu cha huko kina kampasi yake kuu Manoa, katika mji wa Honolulu, kisiwa cha Oahu, lakini vyuo vyake vingine vimetawanyika visiwa mbalimbali. Mwisho wa miaka ya 1960 kompyuta zilikuwa kubwa na ghali, na watu wa visiwa vingine walitaka kuitumia ile iliyokuwa Oahu. Nyaya za simu za wakati ule zilikuwa ghali na hazitegemeki. Palikuwa na profesa anaitwa Norman Abramson, mtu aliyehamia huko kwa kupenda bahari na mchezo wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Yeye na wenzake wakasema, kwa nini tusitumie redio?

Mtandao wao ukaanza kazi Juni 1971. Wakauita ALOHA. Na "aloha" ni nini? Ni salamu ya watu wa Hawaii. Mtandao wa kwanza wa namna yake wa kompyuta kuzungumza bila waya ulipewa jina la salamu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Sasa tazameni shida iliyowakabili. Vituo vyote vilitumia masafa mamoja ya redio kupeleka ujumbe kwenye kompyuta ya kati. Kila ujumbe ulikuwa mfupi, herufi zisizozidi 80. Lakini vituo viwili vikisema wakati mmoja, sauti zinagongana hewani, ujumbe wote wawili unaharibika. Ni kama mkutano wa kamati ya msikiti pale wazee wawili wanapozungumza kwa pamoja, katibu haandiki la huyu wala la yule. Na vituo vile viko visiwa tofauti, mmoja hamwoni mwenzake, hajui nani ameanza kusema.

Wangeweza kuweka mwenyekiti wa kugawa zamu. Hawakufanya hivyo. Walifanya jambo jepesi ambalo lilinishangaza. Walisema kila mwenye ujumbe autume tu. Ukifika mzima, kompyuta ya kati inarudisha neno dogo la kusema "nimepata." Binti yangu aliliita risiti. Ukifika umeharibika, kompyuta ya kati inanyamaza. Yule aliyetuma anangoja. Asipopata risiti, hakasiriki, hapandishi sauti. Anangoja muda wa kubahatisha, kisha anatuma tena.

Nikamuuliza binti yangu, "Kwa nini muda wa kubahatisha?"

Akasema, "Baba, mkikutana watu wawili mlangoni, kila mmoja anasema pita wewe, kisha wote mnaingia pamoja mnagongana. Mkisubiri sawa na mkirudi sawa, mtagongana mpaka asubuhi. Lazima mmoja angoje zaidi."

Subhanallah. Lazima mmoja angoje zaidi.

Wakapiga hesabu, wakaona kwamba kwa utaratibu ule, uwezo wa njia unaotumika vizuri haufiki hata robo. Kilele chake ni kama asilimia 18. Mwaka 1972 Lawrence Roberts akapendekeza kila mtu aanze kusema kwenye mpigo maalumu wa saa, asianze popote, na kilele kikapanda maradufu, kama asilimia 37. Lakini utaratibu wowote uuchukuao, kuna mpaka. Ukiuvuka, kila anavyozidi kusema kila mtu, ndivyo yanavyopungua yanayosikika. Mimi nilipofika hapo nilikumbuka makundi yetu ya WhatsApp ya familia siku ya msiba.

Na kuna jambo moja zaidi katika ALOHA, nalo ndilo lililonichoma. Akasema, "Baba, risiti nayo inapita hewani. Risiti nayo inaweza kupotea."

Nikamwambia rudia.

"Ujumbe unaweza kufika salama, mwenzako akajibu, na jibu likapotea njiani. Wewe huku unaona ukimya. Ukimya ule haukwambii kama hajapata, au amepata na jibu ndilo lililopotea. Kwa mtumaji yote mawili ni sura moja."

Sikulala vizuri usiku ule.

Kesho yake akanipa kisa cha pili, nacho kinahusu wanaorudia ujumbe kwa pupa, kama mimi. Ilikuwa Oktoba 1986, Marekani, mtandao ambao leo tunauita intaneti ungali mchanga. Kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California pale Berkeley kuna umbali wa yadi 400, chini ya nusu kilomita. Njia ile ilikuwa ikipitisha biti 32,000 kwa sekunde. Ghafla ikaanguka mpaka biti 40. Arubaini tu! Majirani wa pua na mdomo, na habari haziendi.

Waya haukukatika, na mashine hazikufa. Mtafiti mmoja wa maabara ile, Van Jacobson, akishirikiana na Michael Karels wa chuo, akachunguza. Wakakuta kwamba njia ilikuwa na msongamano, ujumbe unachelewa. Kompyuta zilizotuma zikidhani ujumbe umepotea, zikautuma tena. Ule wa kwanza bado uko njiani, wa pili umeshaingia, wa tatu unafuata. Njia ikajaa marudio ya maneno ambayo hayakupotea hata kidogo. Yalichelewa tu. Haraka ya kurudia ndiyo iliyoiua njia.

Dawa yao, waliyoiandika mwaka 1988, haikuwa kununua waya mnene. Dawa ilikuwa kuzifundisha kompyuta adabu, na hilo ni neno langu, si lao. Kwanza, kila kompyuta ipime jibu huchukua muda gani kurudi, na huyumba kiasi gani, ili isikate tamaa kabla ya wakati. Jibu lisiporudi, kabla ya kurudia tena izidishe muda wa kungoja mara mbili, na kama bado, mara mbili tena. Ikianza mazungumzo ianze na kidogo, iongeze kila inapoona risiti zinarudi. Na ikiona dalili ya kupotea kitu, ipunguze inachotuma kwa nusu, ichukulie kwamba njia ni nyembamba na kuna wengine wanapita. Mpaka leo, simu uliyoishika ikisoma maneno haya inaishi na mtandao kwa misingi hiyo. Hata waifai ya nyumbani, kifaa kinasikiliza kwanza kama kuna anayesema, kinangoja muda wa kubahatisha, kinatuma, kinasubiri risiti. Kikikosa risiti, kinapanua muda wa kungoja.

Ndugu zangu, mimi nilidhani intaneti inategemeka kwa sababu njia zake ni imara. Kumbe sivyo. Walioijenga walikubali tangu mwanzo kwamba njia inapoteza, inachelewesha, inagonganisha. Uaminifu wakauweka kwa wale wawili walio kwenye ncha, anayetuma na anayepokea. Wao ndio wavumilie, wapeane risiti, warudie kwa kiasi.

Sasa rudini nami kwenye dini yetu. Na nasema wazi, sisemi kwamba wataalamu hawa walichukua elimu yao kwetu. Tusimzulie mtu, na tusiifanye dini yetu duka la kudai kila kilichovumbuliwa. Wao walitafuta kwa akili aliyowapa Mwenyezi Mungu wakapata. Aibu ni yangu mimi, niliyefundishwa adabu hii tangu utotoni na nisiitumie.

Mnakijua kisa cha Abu Musa Al-Ash'ari (r.a.). Alikwenda kwa Umar (r.a.), akabisha hodi mara tatu. Umar alikuwa ameshughulika, hodi haikujibiwa. Abu Musa akarudi zake. Umar alipozinduka akamwita, akamuuliza kwa nini ameondoka. Akamweleza kwamba hayo ndiyo mafundisho ya Mtume (s.a.w.), kuomba ruhusa mara tatu, usipopewa urudi. Umar akataka shahidi, na Abu Said Al-Khudri (r.a.) akasimama kushuhudia.

Tazameni, hodi tatu si kumi na moja. Na Abu Musa hakupiga kelele mlangoni kwamba ukhalifa umempa Umar kiburi. Alirudi, na moyo wake umemwachia mwenye nyumba nafasi ya kuwa na udhuru. Na udhuru ulikuwapo kweli!

Katika Suratul-Hujurat Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwa kuwa baadhi yake ni dhambi. Sura hiyo hiyo imetutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Mimi sikuwa hata na habari. Nilikuwa na ukimya, na ukimya ule nikaufanya ushahidi.

Na kuhusu risiti, katika Suratun-Nisaa tumeamrishwa tukisalimiwa kwa salamu turudishe iliyo bora kuliko hiyo, au ile ile. Kurudisha salamu ni risiti, ndugu yangu. Aliyekusalimu ametuma, na amani yake imo njiani. Usiporudisha unamwacha na ukimya, na shetani huingia kwenye ukimya. Ndiyo maana nilisema mshike lile jina la salamu.

Nikarudi kwenye kisa changu. Baada ya Isha siku ile ya pili nikampigia kaka. Simu ikaita mpaka ikakatika. Mkono ulikuwa unaniwasha kupiga tena. Binti yangu alikuwa karibu, hakusema kitu, akanyoosha kiganja kama mtu anayesimamisha gari. Nikaiweka simu chini.

Kesho yake baada ya Alfajiri akapiga yeye.

"Assalaamu alaykum."

"Wa alaykumus-salaam, kaka. Shikamoo."

"Marahaba."

Kisha wote kimya. Nikasema, "Kaka, nimekukosea. Naomba radhi kwa maneno niliyokuandikia." Nikasikia anavuta pumzi. Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kabisa: "Na pesa kwa nini ulikataa kuichukua?"

Pesa gani?

Hapo ndipo yote yakafunguka. Siku ile Mama alipozidiwa, dada alishampigia mapema. Kaka alikuwa anapelekwa jangwani kwenye kazi ya siku nne, mahali ambapo simu haishiki. Kabla ya kuondoka akapanga na rafiki yake mwenye duka hapa mjini anipe pesa yote ya matibabu, kisha akaniandikia ujumbe wa kawaida wa simu: nenda dukani kwa fulani, kachukue, simu yangu haitapatikana siku nne. Akaitia simu mfukoni. Salio lilikuwa limekwisha. Ujumbe haukutoka. Aliporudi kwenye mtandao siku ya tano, hakutazama ule ujumbe wake, alipokewa na kumi na moja zangu. Akampigia mwenye duka, akaambiwa, "Mdogo wako hajaja." Akasema moyoni, kapata ujumbe wangu, kakataa pesa yangu kwa kiburi, na bado kanitukania ziwa la Mama.

Mimi niliuona ukimya nikaufasiri. Yeye naye akauona ukimya akaufasiri. Wote tulifasiri vibaya, na wote tuliona tuna ushahidi. Pesa ilikaa dukani, deni likakaa kwangu, na Mama akakaa katikati.

Alipokuja likizo alinionyesha simu ile. Ujumbe bado umo, pembeni yake ile alama nyekundu ya kwamba haukutumwa. Nikausoma nimesimama. Mwisho wake kaandika: "Usiwe na wasiwasi mdogo wangu, Mama ni wetu sote."

Asubuhi ile ya simu nilimpelekea Mama chumbani kwake, nikaweka sauti kubwa. Akatusikia wote wawili kwa pamoja. Akasema, "Alhamdulillah," kisha akasema, "Sasa hamnidanganyi tena." Kumbe alijua siku zote. Mwaka uliofuata Mwenyezi Mungu akamchukua. Tulimshusha kaburini mimi na kaka, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Najiuliza mpaka leo, lau ile miezi saba ingekuwa kumi na tisa?

Ndugu zangu, nawausia, na nafsi yangu ndiyo ya kwanza.

Kwanza, ukikosa jibu, jua kwamba hujajua kitu. Ukimya si jibu. Huenda ujumbe haukufika, huenda jibu ndilo lililopotea. Mtafutie mwenzio udhuru kabla hujamtafutia kosa.

Pili, hodi ni tatu. Ukirudia, rudia kwa kuzidisha muda, usizidishe ukali. Na jambo zito lisibaki kwenye maandishi. Piga simu, mtume mtu, nenda mwenyewe.

Tatu, toa risiti. Umepata ujumbe wa mzee wako, wa mkeo, wa jirani mwenye shida, na huna jibu sasa? Mwandikie, "Nimepata, nitakujibu." Ni maneno mawili, na yanaweza kumzuia mtu na usiku mzima wa dhana.

Nne, njia ikiwa nyembamba, punguza yako kwa nusu. Kukiwa na ugonjwa au msiba kwenye familia, asiseme kila mtu. Mwacheni mmoja apeleke habari, na wengine wasikilize.

Tano, yule uliyemnunia. Mtume (s.a.w.) ametukataza kumhama ndugu zaidi ya siku tatu, na akatufundisha kwamba mbora wa wawili ni yule anayeanza kwa salamu. Mimi niliivuka mipaka hiyo kwa miezi saba, na nilikuwa na kilemba kichwani. Wewe usingoje binti yako aje likizo.

Ukimaliza kusoma hapa, usiweke maoni kwanza. Toka kwenye ukurasa huu, mpigie mmoja. Asipopokea, weka simu chini ungoje.

Ewe Mola wetu, tusamehe dhana zetu, unganisha nyoyo zilizokatika, warehemu wazazi wetu waliotangulia na uwape afya waliobaki. Mrehemu mama yetu na ulipanue kaburi lake. Wazidishie watoto wetu elimu yenye manufaa, na utujaalie unyenyekevu wa kufundishwa nao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.